Nani Atakula Mchicha? Kulifuata Jembe la Shule kutoka Bagamoyo hadi Litowa

Tangazo lilitolewa paredini: kesho kila mwanafunzi aje na jembe, na darasa la tano na la sita waongeze ndoo ya samadi. Aliyesoma shule ya msingi Tanzania Bara wakati wowote kati ya Azimio la Arusha na kurudi kwa vyama vingi hahitaji kuelezwa zaidi. Anaukumbuka umande wa asubuhi, mwalimu wa zamu aliyepima vipande kwa hatua zake, na mahindi au pamba iliyopaliliwa na madarasa yote, ikavunwa, ikafungwa magunia, ikaondoka, na habari zake zikaishia hapo.

Wengi wanaamini jembe hilo lililetwa shuleni na Mwalimu Nyerere. Sivyo. Mwalimu alilikuta shuleni limekwisha kutumika karibu miaka mia moja, na alichojaribu ni kulitia mpini mpya. Kabla yake lilikuwa limepita mikononi mwa mapadre wa Kifaransa, wataalamu wa elimu kutoka Marekani na wakuu wa shule wa Kiingereza. Kila mmoja aliwashikisha watoto jembe kwa sababu zake mwenyewe.

Nimeifuata njia hiyo kwa vituo vitatu: Bagamoyo pwani, Malangali katika nyanda za juu za Iringa, na Litowa mkoani Ruvuma. Kila nilipofika niliuliza swali ambalo sisi tuliolima enzi zile hatukuthubutu kumuuliza mwalimu wa zamu: mavuno yalikwenda wapi?

Bagamoyo: shamba la watoto waliokombolewa

Anayeingia misheni ya Bagamoyo hupita chini ya miembe mikubwa iliyopandwa kwa mistari. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walihamia hapa mwaka 1868 kutoka Unguja, wakiongozwa na Padre Antoine Horner. Wageni wengi huja kuona mahali ulipolazwa mwili wa David Livingstone Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Wachache wanajua kwamba misheni hii ilianza kama shamba la watoto.

Watoto hao walikuwa watumwa. Wengine walinunuliwa na mapadre katika soko la Unguja, wengine walitolewa kwenye majahazi yaliyokamatwa baharini na manowari za Uingereza. Walikuwa wametekwa mbali, baadhi yao huko Ziwa Nyasa, na hawakuwa na njia ya kurudi kwao. Misheni iliwapa nguo, sala, kusoma, ufundi na jembe. Nia ilikuwa wazi: misheni ijilishe yenyewe, na watoto wakue wawe wakulima Wakristo watakaooana wao kwa wao na kuanzisha vijiji. Siku iligawanywa kati ya darasa na kazi, na kazi ilikuwa na fungu lake kubwa. Tufani ya Aprili 1872, ile iliyofyeka mikarafuu ya Unguja, iliwapiga na wao pia, na ikabidi waanze upya.

Wasafiri wa Ulaya waliopita hapo wakielekea bara waliisifu misheni kwa mashamba yake na nidhamu ya watoto wake. Watoto wenyewe hawakuulizwa. Kumbukumbu za mapadre zinaonyesha kwamba katika miaka iliyofuata walikuwapo waliotoroka, ingawa nje ya misheni mtu mweusi asiye na jamaa alikuwa hatarini kukamatwa na kuuzwa tena.

Kwa swali langu, jibu la Bagamoyo si baya. Kilicholimwa kililiwa hapo hapo; mtoto aliyepanda muhogo aliula. Lakini watoro wale walinilazimisha kuongeza swali la pili: nani aliamua? Mtoto wa Bagamoyo hakuchagua kulima, hakuchagua zao, na akikua hakuwa na uhuru mkubwa wa kuchagua hata mwenzi wa ndoa. Tumbo lilipata, ila kauli hakuwa nayo. Kuanzia hapo nikasafiri na maswali mawili: nani alikula, na nani aliamua.

Wajerumani walipoitwaa pwani walifungua shule ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, na walichokitaka zaidi kutoka kwa wanafunzi wake ni ukarani na ufundi. Jembe lao la lazima lilikuwa nje ya shule, katika mashamba ya pamba yaliyosimamiwa na maakida na majumbe, ambako watu wazima walilimishwa kwa malipo ya dhihaka. Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa miche ya pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Somo lake lilikuwa la kutosha kwa watawala wote waliofuata: anayelimishwa zao asilolila wala kuliamua, iko siku ataling'oa.

Malangali: wazo lililotoka Alabama

Ukitoka pwani basi hupita Morogoro, hukata mbuga ya Mikumi, hupanda Kitonga kwa kunguruma na kuibukia Iringa penye baridi. Malangali iko mbele zaidi, ukiiacha barabara kuu kati ya Mafinga na Makambako. Lakini wazo lililoifikisha bustani ya shule huku lilisafiri mbali kuliko basi lolote. Lilitoka Alabama, kusini mwa Marekani.

Huko Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa, alianzisha chuo cha Tuskegee mwaka 1881. Wanafunzi walifyatua matofali ya majengo yao na kulima chakula chao. Washington aliamini kwamba Mwamerika mweusi, katika nchi ile ya ubaguzi, ataheshimika kwanza kwa ujuzi wa mikono na uchumi wake mwenyewe. Wapinzani wake, W. E. B. Du Bois akiwa mbele, walimjibu kwamba elimu ya aina hiyo peke yake itawabakiza watu weusi chini ya waliowaweka chini. Ubishi huo haukuisha Marekani, na ulipovuka bahari ulikuja na pande zote mbili.

Uliletwa na Tume ya Phelps-Stokes, iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924 chini ya Thomas Jesse Jones. Miongoni mwa wajumbe alikuwamo James Aggrey, msomi wa Gold Coast ambaye kwa Waafrika wengi waliomsikia alikuwa mtu mweusi wa kwanza waliyemwona akikaa meza moja na wakubwa wa Kizungu. Tume iliona shule zimejaa kukariri na zimeyapa kisogo maisha ya mwanafunzi. Ikataka zifundishe mambo manne: afya, matumizi ya mazingira hasa kilimo, maisha ya nyumbani, na burudani. Mwaka 1925 serikali ya Uingereza ilitoa waraka wa sera wenye mwelekeo huo, na mwaka huo huo Chuo cha Jeanes kikafunguliwa Kabete, Kenya, kuandaa walimu wa kuzungukia shule za vijijini na kuhimiza usafi, vyoo na bustani.

Malangali ilifunguliwa mwaka 1928, mkuu wake akiwa W. Bryant Mumford. Yeye alikwenda mbali kuliko tume. Alitaka shule iote katika mila za Wahehe, Wabena na Wasangu: majengo ya mtindo wa wenyeji, wazee wakiitwa kufundisha desturi, ngoma na mkuki vikiwa ndani ya ratiba, ng'ombe na mashamba kando ya madarasa. Jaribio hilo lilizungumzwa hadi Uingereza. Halikudumu. Mumford alipoondoka mwanzoni mwa miaka ya 1930, Malangali ilianza kufanana na shule nyingine, na leo ni sekondari ya serikali yenye jina kubwa kusini.

Kwa nini wazo lililoonekana kuwaheshimu wenyeji halikushika mizizi? Udongo wa Malangali hauna ubaya. Kasoro ilikuwa katika orodha ya shule za Tanganyika: zilikuwapo za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila moja na bajeti yake na mtaala wake. Mzazi hakuhitaji kusoma ripoti ya tume ili kuona kwamba jembe limewekwa katika mtaala wa mtoto mmoja tu kati ya hao watatu. Mwanawe angelima nyumbani bila kwenda shule. Alimpeleka shule akajifunze kile ambacho nyumbani hakikuwapo, yaani maandishi, hesabu na lugha ya mtawala.

Ndiyo maana Wakikuyu walioanzisha shule zao huru nchini Kenya walikitaka Kiingereza na vitabu, na ndiyo maana hapa kwetu shule za kati za miaka ya 1950, zilizobeba darasa la tano hadi la nane zikiwa na mkazo wa kilimo, zilinung'unikiwa na wazazi na kupingwa na wanasiasa wa TANU, chama kilichopigania uhuru. Kabla ya uhuru mkazo huo ulikuwa umelegezwa. Wananchi hawakuwa na ugomvi na mboga. Walilikataa jembe lililogawiwa kwa rangi ya ngozi.

Machi 1967

Kwa hiyo Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, shule bila jembe ilionekana kuwa tunda mojawapo la ukombozi. Shule za kibaguzi ziliunganishwa, na kila mzazi akaota mtoto wa ofisini.

Ndoto hiyo ilikuwa na hesabu mbaya ndani yake. Katikati ya miaka ya 1960 walioweza kupata nafasi ya sekondari hawakuzidi 13 katika kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi. Waliobaki walirudi kijijini wakijihesabu wameshindwa, baada ya miaka saba ya kuandaliwa kwa kazi ambazo hazikuwapo. Juu kabisa ya ngazi mambo hayakuwa bora: tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Nyerere akawarudisha makwao kwa mamia, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitano baadaye, Azimio la Arusha likiwa bado bichi, alichapisha kijitabu chake, *Elimu ya Kujitegemea*.

Kijitabu hicho hunukuliwa zaidi ya kinavyosomwa. Nyerere hakusema shule iwe na kishamba cha maonyesho pembeni. Alisema shule yenyewe iwe jamii inayojilisha, walimu na wanafunzi wakiwa wakulima pamoja. Hakusema mwanafunzi apangiwe tu kipande. Alitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi na kuamua ziada itumike vipi, waone kwa macho kwamba hali yao ya maisha inapanda au kushuka kwa jinsi walivyolima, na wajifunze kwa makosa yao. Pia hakuandika kwa ajili ya kundi moja: katika shule zilizokwisha kuunganishwa, jembe sasa lilikuwa la kila mtoto. Kwa maneno mengine, maswali yangu mawili yalikuwa na majibu katika karatasi. Atakula mwanafunzi, na ataamua mwanafunzi pamoja na mwalimu wake.

Nyerere alikuwa na mfano hai mbele ya macho yake. Ulikuwa Songea.

Litowa: walipokula walichopanda

Kutoka Makambako barabara inashuka kusini kupitia Njombe, na kadiri unavyoikaribia Songea ndivyo baridi inavyolegea na misitu ya miombo inavyorudi. Litowa ni kijiji cha mahindi na maharage kama vingi vya Ruvuma. Mgeni asiyeambiwa atapita bila kugeuza shingo.

Mwaka 1960 vijana wa TANU Youth League walikuja hapa kuanzisha makazi mapya. Jaribio la kwanza liliyumba, wakarudi tena, na chini ya uongozi wa Ntimbanjayo Millinga wakaanza kulima pamoja, kula pamoja na kukata mashauri pamoja. Ralph Ibbott, Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi katika shamba la ushirika la St Faith's huko Rhodesia, alihamia na familia yake kuwa mshauri wao. Vijiji vingine vikaiga, vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, na kufikia mwisho wa muongo vilikaribia ishirini.

Watoto wa vijiji hivyo walisoma Litowa, wakilala hapo hapo, na mwalimu mkuu wao alikuwa Suleman Toroka. Shule ile ililima sehemu kubwa ya chakula chake. Walimu walikubali kuishi maisha ya wanakijiji, na walishika jembe pamoja na wanafunzi, jambo ambalo mtoto wa shule nyingine yoyote ya wakati ule angeliona kama kioja. Darasa halikukoma mlangoni. Udongo, mbegu, lishe, mapato ya kijiji na sababu za umaskini wake vyote vilikuwa masomo. Watoto walikaa katika kamati na kujadili kazi zao, kama walivyowaona wazazi wao wakifanya kila siku katika mikutano ya kijiji.

Hapa ndipo safari yangu ilipopata jibu kamili. Mtoto wa Litowa alikula alichopanda, na alikuwa na kauli juu ya kilichopandwa. Hakuhitaji kuhubiriwa heshima ya kazi, kwa sababu aliyemfundisha kusoma ndiye aliyekuwa na tope miguuni mbele yake.

Lakini kijiji kinachoamua mambo yake hakimpendezi kila mtu. Viongozi wa mkoa na baadhi ya wakubwa wa chama hawakupenda vijiji visivyongoja amri. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Mali zake zilichukuliwa, Ibbott na familia yake wakaondoka nchini, na walimu wa Litowa wakatawanywa katika shule nyingine. Hiyo ilikuwa miaka miwili na nusu tu tangu kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea kilipotoka. Shule iliyokaribia kuliko zote kukitimiza ilivurugwa na chama kilichokitangaza, kiongozi wake akiwa yule aliyekiandika.

Gunia na fimbo

Kilichobaki nchini kote ni jembe bila Litowa. Amri zilifuatana: Siasa ni Kilimo mwaka 1972, Kilimo cha Kufa na Kupona baada ya ukame wa 1973 na 1974, kisha Azimio la Musoma la Novemba 1974 lililotaka kila mtoto awe shuleni kufikia 1977 na kazi za mikono zihesabiwe katika kumpima mwanafunzi. Idadi ya wanafunzi wa msingi ilipanda kutoka takriban milioni 1.2 mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni 3 mwaka 1980. Hilo ni jambo la kujivunia mpaka leo. Ila shule hizo zilizojaa zilikuwa na uhaba wa chaki, madawati na walimu, na shamba likageuka kuwa mfuko wa shule.

Hapo ndipo mboga zilipopoteza nafasi. Mchicha hauuziki kwa gunia, wala afisa wa wilaya hauandiki katika ripoti. Mahindi, pamba, alizeti na korosho vilichukua ardhi, na fedha zake zilijulikana kwa wachache. Wanafunzi walipelekwa hata mashambani kwa walimu, na mzazi aliyelalamika aliambiwa hiyo ndiyo siasa ya nchi. Kamati za wanafunzi zilikuwapo kwa majina. Kazi yao kubwa ilikuwa kuhesabu nani hakuja na jembe.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa dogo kwa sura. Jembe lilifanywa adhabu. Umechelewa, lima. Umeongea Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza, lima. Umeshindwa hesabu ya kugawanya, lima mpaka kwenye mwembe ule. Serikali iliyosema kilimo ni uti wa mgongo wa taifa iliwaachia walimu wake wafundishe, kwa vitendo na kila siku, kwamba kilimo ni malipo ya ujinga na utundu. Watoto walilishika somo hilo vizuri kuliko yote. Leo wengi wao ni wazazi, na wakimwambia mtoto asiyesoma kwamba ataishia kulima, wanakariri walichofundishwa.

Kwenye ghala la taifa, watoto wafupi

Kwa nini basi tusilizike jembe la shule, tukasahau? Jibu liko kando ya barabara hii hii niliyoifuata.

Iringa, Njombe, Rukwa na Ruvuma ni mikoa inayolisha nchi mahindi. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Iringa walikuwa zaidi ya nusu, na Njombe takriban nusu. Ghala limejaa, na mtoto aliyezaliwa ubavuni mwake hakui. Sababu ni nyingi: maradhi, maji machafu, mama anayelima kutwa nzima akiwa na mimba, mtoto anayeachiwa uji mweupe asubuhi hadi jioni. Mojawapo ni sahani isiyobadilika: ugali mwingi, mboga kidogo, tunda la bahati.

Tusidanganyane: bustani ya shule haimrefushi mtoto wa darasa la nne aliyekwisha kudumaa. Udumavu hutokea katika siku 1,000 za mwanzo, kuanzia mimba mpaka miaka miwili. Lakini huyo wa darasa la nne baada ya miaka kumi na kitu atakuwa mama au baba. Atakachokiona kuwa chakula cha kawaida ndicho atakachompa mwanawe. Na mboga za asili zilizodharauliwa kwa muda mrefu kama magugu, mnavu, mgagani, mchicha, majani ya kunde, ndizo anazoweza kuzipata bila kumwomba mtu.

Nikirudi kaskazini niliingia shule moja ya msingi mkoani Njombe. Nyuma ya jiko kulikuwa na matuta machache, kila moja na darasa lake. Binti mdogo mwenye sweta la shule alikuwa anachuma figiri na kuzipanga katika beseni.

“Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Mnazipeleka wapi hizo?”

“Jikoni,” akasema, akinitazama kama mtu anayeshangaa kuulizwa jambo la wazi. “Leo zamu yetu.”

Mwalimu wao alinieleza utaratibu. Wanafunzi huchagua wenyewe zao la tuta lao, kwa sharti kwamba linaliwa na linakomaa kabla ya likizo. Sharti hilo la pili ni la mtu anayezijua bustani za shule, maana kinachoziua ni kalenda. Matuta hupandwa kwa shangwe, shule zinafungwa Juni au Desemba, hakuna wa kumwagilia, na watoto wakirudi wanakuta majani makavu. Kwa hiyo huanza na mchicha. Mbegu zake ni ndogo mno, hivyo huchanganywa na mchanga mkavu zisirundikane mahali pamoja, hufukiwa kidogo tu katika vifereji, na tuta hufunikwa nyasi mpaka ziote. Kufika wiki ya tatu au ya nne mboga iko sufuriani, kabla subira ya mtoto haijaisha. Ukichumwa ncha bila kung'olewa, huchipua tena.

Sukumawiki huja baadaye. Miche hukaa kitaluni takriban mwezi, huhamishwa, kisha huvunwa majani ya chini kwa miezi mingi. Matembele hayadai mbegu, kipande cha mmea kinatosha. Mpakani mwa uwanja, kwenye shule za maeneo ya joto, kisamvu na mlonge hustahimili likizo bila mlinzi. Darasa nalo linapata fungu lake: kupima tuta ni somo la eneo, nafasi kati ya miche ni mgawanyo, beseni la mavuno ni uzito. Hata jikoni lipo la kufundisha, kwamba mboga za majani zisichemshwe mpaka zikapoteza rangi, na kijiko cha mafuta husaidia mwili kupata vitamini A iliyomo.

Kilichonigusa zaidi kilikuwa ukutani kwa jiko. Karatasi ya manila ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wa watoto: tarehe, darasa, zao, kilo, na mahali zilipokwenda. Safu ya mwisho ilirudia neno moja kutoka juu hadi chini: jikoni, jikoni, jikoni. Hiyo ndiyo hesabu ambayo kizazi chetu hakikuonyeshwa.

Jembe linarudi

Swali hili si la makumbusho. Mtaala mpya ulioanza Tanzania Januari 2024 unaipa elimu ya amali mkondo wake katika sekondari, na kilimo ni sehemu yake. Kenya ilivizindua upya vilabu vya 4K mwaka 2021, vile vya Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya vilivyoanza enzi za uhuru. Jembe linarudi shuleni Afrika Mashariki nzima, likiwa na majina mapya na miongozo mizuri. Miongozo mizuri tulikuwa nayo hata mwaka 1967.

Njia hii ya zaidi ya miaka 150 inafundisha kwamba bustani ya shule haifi kwa ukame wala kwa uvivu wa watoto. Hufa pale mavuno yanapopotea machoni mwao na uamuzi unapobaki kwa mkubwa peke yake. Bagamoyo iliwashibisha bila kuwasikiliza. Waingereza walitaka kuwasikiliza wazee wa mila huku wakiwabagua wajukuu. Miaka ya magunia haikuwashibisha wala haikuwasikiliza. Litowa ilifanya yote mawili, na haikuanguka kwa kushindwa kulima.

Kwa hiyo, mwalimu mkuu unayesoma haya, anza na matuta machache yanayomwagilika, usianze na ekari. Wape watoto nafasi ya kuchagua zao. Shika jembe nao, wakuone. Mavuno yaende jikoni kwanza, na kikiuzwa chochote, bei iandikwe ukutani na matumizi yake yaandikwe chini yake. Jembe lisitumike kamwe kama adhabu. Nawe mzazi, ukiitwa mkutano wa shule na kusikia habari ya shamba la wanafunzi, usiulize kwanza ni ekari ngapi. Uliza nani atakula, na uliza mbele ya watu.